Tabasamu la Mlangoni

Kinanda alikuwa ameshafungua ule mlango mara nyingi hadi bawaba zikaanza kulalamika kwa niaba yake.

"Kata!" akasema mwongozaji, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. "Umecheka kama muuza duka. Sitaki 'karibu mteja'. Nataka lile tabasamu."

Lile. Kila aliyewahi kutazama *Hodi ya Tatu*, filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa ubahili mkubwa kabla Kinanda hajazaliwa, alilijua. Muuaji mwenye kinyago cha gunia anabisha hodi tatu, kwa adabu zake zote. Msichana anafungua, na badala ya kupiga mayowe, anamtabasamia. Punde tu amelala sebuleni, marehemu. Watu wamebishana kuhusu tabasamu hilo miaka nenda rudi: muuaji alikuwa mpenzi wake, la, kaka yake, la, msichana alikuwa amechoka kuishi. Vijana wamelichora hadi kwenye fulana.

Sasa mwongozaji huyu alikuwa anaitengeneza upya, tena kijanja: wahusika wenyewe wameshaitazama ile ya zamani na wanaicheka. Msichana wa safari hii anasema kabisa, mkono ukiwa kwenye kitasa, "Mtu mwenye akili hafungui mlango huu." Kisha anafungua. Kisha anatabasamu. Na hapo ndipo Kinanda alipokwama, yeye ambaye jina hilo la utani alilipata kwa kutokwama kwenye maneno hata siku moja.

Hakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Aliyeigiza yule marehemu wa zamani alikuwa mama yake mzazi, na mwongozaji aliamini kwamba tabasamu hurithiwa, kama mwanya.

"Tupumzike hadi jua lihame mlangoni," akasema mwongozaji. "Likishindikana tena, Kinanda, gauni atalivaa mwenzako."

Huyo 'mwenzako' alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya taa: msichana wa matangazo ya dawa ya meno, aliyekuwa anatabasamu tangu asubuhi bila kuombwa na mtu. Kinanda, ambaye hadi siku hiyo nafasi yake kubwa kwenye filamu ilikuwa kupita nyuma ya watu akiwa na trei, akaona trei inamrudia hivihivi.

Akatoka mbio. Mama yake alikuwa mwalimu wa udereva, na uwanja wa kufundishia haukuwa mbali. Akamkuta peke yake garini, anakula ndizi huku akimsubiri mwanafunzi. Kinanda akajitupa kwenye kiti cha dereva.

"Mama, leo usinizungushe. Ulitabasamu kwa nini?"

Swali hilo alikuwa akiliuliza tangu utotoni, na kila mara alipewa jibu jipya. Mara nzi alitua puani. Mara mama alikumbuka kituko cha mjomba.

"Funga mkanda kwanza."

"Gari limezimwa, mama!"

"Kwenye gari langu hata maiti anafunga mkanda."

Kinanda akafunga. "Wananitoa. Nisipolipata leo, nafasi ndiyo imekwenda."

Mama akaacha kutafuna. Akamtazama binti yake, akahakikisha kwamba leo si udaku.

"Mwenye nyumba alikuwa anataka sebule yake mapema, ana wageni. Kwa hiyo wakaniua kwanza. Nikafa vizuri tu, nikanawa, nikabadilisha gauni, ndipo wakanipiga picha ya kufungua mlango. Basi."

"Basi nini?"

"Basi nilikuwa nimeshakufa, mwanangu! Kazi ngumu imekwisha. Ungekuwa wewe usingecheka?"

"Na miaka yote hii watu wanagombana!"

"Waache wagombane. Mimi nani hata niwakatishe raha?"

Kinanda akarudi mbio vilevile.

"Niueni kwanza," akamwambia mwongozaji, akihema.

Mwongozaji alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua. Lakini jua lenyewe lilikuwa bado limeng'ang'ania mlangoni, na sebule ilikuwa tayari. "Kwa nini?"

"Nitakueleza nikishakufa."

Muuaji, ndani ya gunia lake, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyechukua likizo, mtu mpole kupita kiasi. Kila alipoteremsha kisu cha mpira alinong'ona humo ndani: "Samahani, dada. Samahani tena. Nimekukanyaga nywele?"

"Endelea, kaka. We niue tu."

"Asante."

Kinanda akafa vizuri. Damu ya sharubati ikamwingia hadi sikioni. Akanawa, akavaa gauni jingine kavu, na jua nalo likawa limehama. Hodi tatu. Akafungua, akatabasamu kwa ahueni yote aliyoelezwa na mama.

"Kata! Huyo ametoka kwenye foleni ya benki. Ameridhika, sawa, lakini mbona kama hakuna mtu mlangoni?"

Msichana wa dawa ya meno akasimama, akaanza kulipima gauni kwa macho.

"Mara moja tu," Kinanda akaomba. "Ya mwisho kabisa."

Nyuma ya mlango akajiuliza. Mama hakumdanganya, lakini kuna kitu kilibaki. Ahueni mtu anaweza kuwa nayo peke yake, hata bafuni. Mbona lile tabasamu lilikuwa limemwendea mtu, likapenya hadi kwenye matundu ya gunia?

Hodi tatu.

"Mtu mwenye akili hafungui mlango huu," akasema, na akafungua kwa hamu ya kweli ya kuona mama yake alikuwa ameona nini.

Muuaji alikuwa amesimama, kisu juu, gunia limekaa upande. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na tone la sharubati alilosahau kulifuta. Damu yangu hiyo, Kinanda akawaza. Huyu ndiye aliyeniua, na wala hakunikanyaga nywele. Katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyepitia naye makubwa kama huyu. Mdomo ukajiendea wenyewe.

Mpiga picha akasogeza kamera karibu zaidi.

"Kata," mwongozaji akasema hatimaye, polepole. "Ndilo hilo. Gauni ni lako. Ulikuwa unawaza nini?"

"Kwamba namjua."

"Nilisema mimi!" Mwongozaji akaizunguka sebule akijipiga mapaja. "Nilisema alimjua! Alimjulia wapi?"

"Ameshaniua."

Mwongozaji ikabidi atafute pa kukaa. Msichana wa dawa ya meno, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliacha kutabasamu, akakunja uso akifikiri.

"Halafu subirini kidogo," Kinanda akasema, akikaa kizingitini. "Mimi nilijua kwamba nimeshakufa. Je, yeye anapobisha hodi, anajua kwamba ameshaniua?"

Wote wakamgeukia Muuaji. Akavua gunia, nywele zimemsimama.

"Najua," akasema mwalimu wa hesabu. "Si ndiyo maana nimebisha? Nilidhani nimekuja kuomba msamaha."