Mzito Apite, Mwepesi Azunguke

Usiku wa jana niliota, na nililala na udhu, kwa hiyo siwezi kumsingizia shetani. Binti yangu Mwasiti alikuwa amelazwa zahanati kwa uchungu wa kujifungua, na sisi ndugu tulitolewa jioni. Umeme wa pale haukawii kukatika. Hilo ndilo nililolala nalo.

Nikajiona nimepanga foleni mbele ya kabati la chuma. Mlangoni pameandikwa: MTAMBO WA UMEME. HAPA HATUCHOMI KITU. Mbele yangu gunia la Mkaa linabishana na Mlango.

"Mimi nimempikia bibi yako," Mkaa anasema.

"Mlango hauna bibi. Na wewe bila kuwaka hujui kazi. Pisha wenzako."

Akafuata Methanoli, koti safi, ananuka pombe. Nikasema astaghfirullahi.

"Si ya kunywa, mama," akanijibu kwa adabu. "Ndani yangu nimebeba haidrojeni."

Mlango ukamwelekeza dirisha la pembeni, akaitoe kwanza. Kisha ukaniuliza mimi nani.

"Haidrojeni," nikajibu, wala sikujishangaa.

Ndani nimeshikana mkono na marehemu mume wangu, Hemedi; sisi wawili ndio haidrojeni moja. Ana miaka sita kaburini lakini hajakonda. Mbele yetu ameketi kadhi mweupe, anang'aa. Anaitwa Platini, madini ya ukoo wa fedha na dhahabu.

"Kazi yangu kutenganisha," akasema. "Mwenyewe sichoki wala sipungui."

"Sisi tulishatenganishwa," nikamwambia. "Eda nimekaa, nikaimaliza."

"Ile ilikuwa ya mauti. Hii ya umeme."

Nyuma yake linaning'inia pazia, limelowa chapachapa. Likasema, "Mzito apite hapa. Mwepesi azunguke kwa waya."

Hemedi akapenya kama anayeingia chumbani kwake. "Usichelewe, Mama Mwasiti," akaniambia, yuko ng'ambo tayari. Mimi nikaushika waya.

Waya unapita darini mwa zahanati. Umefikaje, sijui. Chini yangu Mwasiti yuko kitandani, nesi ameinama. Nikikanyaga, taa inawaka. Nikasimama ili nimfute jasho. Giza.

"Nani anachezea taa?" nesi anafoka. "Kichwa nilikiona, sasa sioni kitu!"

"Mama, tembea!" Mwasiti analia. "Usinishike, tembea!"

Nikatembea. Mwanangu nimempita juu ya kichwa bila kumgusa, nasoma Ya Latifu, hatua moja, neno moja.

Mwisho wa waya namkuta Hemedi amekaa na Oksijeni, ile hewa tunayovuta, mwenye mikono miwili. Mkono mmoja umeshawashika mke na mume wengine, wametulia. Mwingine umetungoja sisi.

"Umechelewa," Hemedi akasema.

"Nilikuwa na kazi njiani."

"Basi kaa."

"Nikikaa taa itazima, Baba Mwasiti. Mtoto katoa kichwa tu."

"Geuka, mama," Oksijeni akaniambia.

Nikageuka. Waya mzima umejaa wanawake, kanga viunoni, kisigino cha huyu kwenye vidole vya yule. Hakuna anayesimama. Kule chini taa inawaka, haitikisiki.

Nikakaa. Oksijeni akatufumbata sote wanne, pakawa na vuguvugu, na hatukuwa watu tena. Tulikuwa maji.

Niliamka kwa adhana ya alfajiri. Nilipotoa salamu ya mwisho ya swala, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimejifungua. Wa kike, mzima, na ana kelele." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka vizuri. "Umeme ulikatika kijiji kizima, mama, ila taa ya kwangu ikawaka mpaka mwisho. Sasa nesi kanuna. Kakuta maji chini ya taa, ya vuguvugu, na mvua haijanyesha toka mwezi wa tano. Anauliza nani kayamwaga. Kaenda kutafuta tambara."

"Mkimbilie," nikasema, kisha nikakumbuka hawezi kukimbia. "Mpigie kelele. Mwambie asideki mpaka nifike."