Kipimo cha Adabu

Dodoma hatuzindui hata bomba la maji bila mgeni rasmi, kwa hiyo ningekuwa mjinga kutegemea kwamba kipimo cha nguvu za misuli kingeanza kazi kimyakimya mikononi mwangu, mimi mtaalamu wa viungo tu wa klabu ya riadha. Katibu wetu, Zablon, alikodi turubai, viti na spika mbili kubwa. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani.

Kazi yake si ngumu. Mwanariadha analala kifudifudi, anakunja goti, na kisigino chake kinasukuma kifaa kinachomzuia. Namba inayotokea ndiyo nguvu ya misuli ya nyuma ya paja. Sharti ni kwamba kifaa kisisogee na mtu asizuie nguvu zake. Ndiyo maana niliomba tukifunge kwa mkanda kwenye kitanda cha chuma, turudie kila mguu, na namba zikikubaliana ndipo tuziamini.

"Mkanda?" Zablon aliuliza. "Sasa mlezi wetu afanye nini, aupigie mkanda makofi?"

Basi akapima mlezi. Mzee Ambokile, mlezi wa klabu na mgeni rasmi wa siku hiyo, mtumishi mstaafu wa miaka sabini na ushee, alikuja na suti, akashika kifaa kwa mikono miwili, na vijana wetu wakalala mbele yake mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alianza na "Shikamoo, babu," kisha akainua kisigino karibu na tai ya mzee. Nikapaza sauti wasukume kwa nguvu zote. Wakaitikia kwa heshima. Niambie, ni mtoto gani aliyelelewa akalelewa atamsukuma mzee kwa mguu, mbele ya mchungaji, shehe na mpiga picha?

Matokeo yalipendeza mno. Warusha tufe wenye mapaja kama mitungi na wakimbiaji wembamba, wote walilingana. Hata miguu ya mkimbiaji wetu Elieth ililingana, wa kulia ulio mzima na wa kushoto uliochanika misuli wakati wa masika. Zablon akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Elieth amepona na atakimbia mita mia nne kwenye mashindano ya taifa. Kwaya ikaimba. Sayansi gani tena unataka?

Mimi nilikasirika, na hasira ile haijaisha. Elieth akichanika tena palepale, mbio zake basi.

"Njoo nikupime kwa mkanda," nilimwambia baada ya soda kuisha.

"Dada Evarista, mimi nimeshapimwa."

"Ulisukuma kweli?"

"Nilisukuma vya kutosha." Akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Nilimwelewa. Nani anakimbilia habari mbaya wakati nzuri imeshaimbiwa na kwaya?

Nikamwendea Zablon. "Kwa hiyo unasema mlezi amekosea?" akaniuliza, akatazama huku na huku kama nimetukana. Jina limeshatangazwa, alisema, na jina likishatangazwa na mgeni rasmi, mguu utajua wenyewe la kufanya.

Siku ya safari tulipitia Ipagala kumuaga mlezi nyumbani kwake, maana timu haiondoki bila baraka. Baada ya sala na chai nikaona potelea mbali.

"Mzee, vijana walikuonea haya siku ile. Hawakusukuma."

Zablon alipaliwa na andazi. Mzee Ambokile akacheka. "Nami nilishangaa. Nikadhani bado nina nguvu." Akavua koti, akalitundika kwenye kiti. "Leta hicho kidude. Elieth, lala hapo kwenye kochi. Leo mimi si mzee, ni ukuta."

Elieth alisita, akanitazama, akalala. Alisukuma kwa mguu wa kulia, na mzee akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati la vyombo. Tulicheka wote, hata Zablon, na mzee mwenyewe alifurahi kuliko siku ya suti. Akarudi mahali pake, akajipanga vizuri, akaweka kifaa kwenye kisigino cha kushoto.

Elieth akakunja goti. Mzee hakusogea.

"Sukuma, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Usinionee haya."

"Nasukuma, babu," Elieth akajibu.