Jembe la Mwanvua

Hodi haikubishwa. Alimasi, mhunzi wa kijiji cha Wamaza, aliinua macho kutoka kwenye makaa akaona mpagazi mgeni amesimama mlangoni, bamba la chuma kichwani, shingo imezama mabegani. Nyuma yake askari wa Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, na bunduki.

"Vazi la kifua la Luteni," askari akasema. "Tunakwenda vitani Tanganyika. Risasi haipiti, lakini iko nzito, hawezi kutembea nalo. Punguza pembeni."

Alimasi akalipima mikononi. Uzito wa mbuzi!

"Si anabebwa mabegani mwa watu kwa kiti cha tipoye?"

"Chunga mdomo, mzee."

"Nani amelileta toka Kasongo?"

"Mimi, baba. Zéphirin," mpagazi akajibu.

"Na kifua chako kinafunikwa na nini?"

"Na jasho, baba."

Alimasi akashika nyundo: "Hutatoka hapa kifua wazi!" Na neno la mhunzi aliyeshika nyundo halirudi.

Alitegemea mabaki ya chuma. Lakini alipomaliza kukata, askari aliyakusanya yote, akayatia guniani. "Mali ya serikali. Mutu asiguse." Gunia na vazi vikarudi palepale, juu ya kichwa cha Zéphirin. Aliyepunguziwa ni Luteni.

Askari akaketi kula mihogo. Alimasi akatazama huku na huku. Chuma chote kilikwisha chukuliwa kwa vita. Likabaki jembe moja, begani mwa mkewe Mwanvua, aliyekuwa anarudi kutoka kupanda karanga.

"Lete, mama Subira. Nimeshika nyundo."

"Nami nitalima na meno?"

Mwanvua akamtazama mpagazi, mbavu zake zinahesabika. "Wanaume na nyundo zenu!" akafoka, akalitupa jembe motoni.

Alimasi alilifua kwa ghadhabu liwe bamba la kifua, lakini mkono ulipima. Likiwa nene, litamchelewesha, na anayechelewa hupigwa kiboko. Likiwa jembamba, halitazuia hata mshale. Akaacha unene penye moyo tu, kingo akazilaza nyembamba, akatia ukanda wa ngozi.

"Sikuapii juu ya risasi, mwanangu."

"Ni jepesi, baba," Zéphirin akasema, akijifunga ukanda.

Askari akacheka. "Luteni mweusi! Twende!"

Asubuhi Mwanvua alichonga mti ncha, bado amenuna. Alimasi akachonga wake. Wakapiga magoti shambani, bega kwa bega, wakaanza kuchimba.