Sakafu ya Mweri

Asubuhi ya Jumamosi Mweri alitoa kochi uani, akafagia chumba cha mbele, akapiga magoti kwenye kona ya mlango. Pembeni yake palikuwa na nyundo ya mpira, msumeno, pimamaji ya kuazima na maboksi ya mbao nyembamba za sakafu, zile ambazo ubao mmoja una ulimi na mwenzake una mfereji, ukizikutanisha zinashikana zenyewe bila gundi wala msumari. Mumewe Katana alisimama uani na kikombe cha chai, akijiuliza ni lini alioa fundi.

Mtaa mzima wa Chaani ungemwelewa. Nyumba ilikuwa yao, lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na aliyejenga juu ya shamba la mtu hanunui kitu asichoweza kukibeba. Mabati yao yalipigiliwa misumari michache, milango ilitiwa bawaba za kufunguka upesi. Saruji ukishaimwaga, umemzawadia mwenye shamba.

"Siku wakitutoa, nazichomoa moja moja, natia kwenye boksi, twenda zetu," Mweri alisema.

"Na wasipotutoa?"

"Tutazikanyaga."

Alifanya kazi ya kupendeza, na asiyesema hivyo ana kijicho. Alitandika chini sponji nyembamba, akainamisha ubao, akaushusha taratibu, ukalia tak. Viungo vya safu moja hakuvilinganisha na vya safu iliyofuata, kama waashi wapangavyo matofali. Penye fremu ya mlango alikata ubao kwa kufuata umbo lake, hata wembe usingepita kati yao. Katana aliacha kutania, akawa anampa mbao kwa mikono miwili.

Kosa lake lilikuwa moja. Muuza duka alimwonya aache nafasi ya unene wa kidole kandokando ya kuta zote, kwa kuwa mbao hunywa unyevu zikavimba. Mweri aliitikia kwa kichwa tu. Alilelewa Kaloleni, katika nyumba ya udongo, na kila mvua zilipokaribia alitumwa kukandika nyufa, nge wasiingie. Mtu kama huyo humfungulia nge mlango vipi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akazibana mbao hadi ukutani, pande zote.

Masika yakaja na unyevu wake, mbao zikavimba. Kwa kukosa pa kwenda pembeni, sakafu ikaenda juu. Ilipanda nzima nzima pamoja na kochi, kabati la vyombo na Katana aliyekuwa akila mhogo, ikasimama kimo cha goti kutoka ardhini. Mweri aliweka pimamaji katikati. Kipovu kikatulia mahali pake.

"Iko sawa," alisema, akaenda kutafuta kigoda cha kupandia.

Majirani walikuja kutazama, wakavua viatu. Odhiambo wa nyumba ya pili, dereva wa kreni bandarini, alichungulia chini, kisha akarukaruka juu kuipima.

"Mama Purity, hii kazi ni safi," alimwambia Mweri. "Hata haitingishiki."

Kuku wakahamia chini yake, na Mweri akawa na mafagio mawili, la juu na la chini.

Mvua zilipokwisha alikuja Ngowa, wakala wa mwenye shamba, mtu mpole. Alipiga hodi, akavua viatu, akapanda kigoda, akapokea chai. Alisema shamba limeuzwa, mwenyewe mpya anataka kujenga ghala, na kila mtu aondoe nyumba yake.

"Lakini sakafu yetu haigusi shamba lake, baba," Mweri alisema.

Ngowa alishuka, akapitisha mkono chini, huku na huku. "Ni kweli, haigusi. Hilo nitawaambia." Akamaliza chai yake. "Kuta zagusa, mama."

Mweri akaanza kuchomoa mbao kama alivyopanga tangu mwanzo. Hazikuchomoka. Zilikuwa zimebanana hata ukucha haukupata pa kuingilia, zimekuwa kitu kimoja. Tingatinga likaja likaangusha kuta, mabati na vyombo vikapakiwa, sakafu ikabaki hewani inapigwa na jua. Odhiambo na wanaume wa mtaa wakaisukuma mpaka wakaloa jasho.

"Hii kitu haisongi," Odhiambo alisema. "Imeshajua kwao."

Katana alimletea mkewe msumeno. Mweri aliushika, akapapasa kiungo, akamrudishia. Alilia bila kujificha.

"Siwezi, Baba Purity. Ona ilivyokaa."

Mwenye shamba mpya alizungusha ukuta wa mawe, akatia lango na askari. Waashi wake walikuwa waungwana. Walikula chakula cha mchana juu ya sakafu, na viatu walivua. Hakuna aliyebisha kwamba sakafu ni ya Mweri. Ngowa alithibitisha hilo, na tajiri mwenyewe alituma salamu kwamba hana haja na mali ya mtu. Njia ya kuifikia ndiyo iliyokuwa mali yake.

Mweri na Katana walipanga chumba mtaa wa Mjambere. Siku moja Mweri alipanda gari mpaka Chaani na ndoo na kitambaa, akasimama langoni.

"Wamtaka nani, mama?" askari aliuliza.

"Simtaki mtu. Nataka kupiga deki."

Askari alimwomba radhi, akasema ni amri, kisha akasogea ili Mweri apate kuona kati ya vyuma. Vumbi la malori lilikuwa limetanda, lakini hakuna kiungo kilichoachia.

"Umeitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Yapendeza sana."

"Ahsante," Mweri alisema. Akapitisha kitambaa kati ya vyuma, akamweleza kwamba kikamuliwe vizuri, na afuate urefu wa mbao. Askari akakipokea kwa heshima. Alisema angeifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja, ila yeye pia hakuruhusiwa kuingia ndani.