Taa ya Mshonaji Ilichelewa Kuzima

Mama Mapacha alikuwa dirishani anakunja shuka, pembe kwa pembe, redio ya kinyozi ilipowaka yenyewe kule kona. Akajua mumewe amefika. Akaweka shuka chini, akasogeza pazia kidogo, akaangalia.

Baada ya kinyozi ilifuata taa ya barazani kwa mwalimu mstaafu. Ikafuata televisheni ya wapangaji wa ghorofani, kisha blenda ya mwenye mgahawa, iliyozunguka kavu kwa muda na kunyamaza. Alipopita kitu kiliwaka, alipokwisha kupita kikazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Mambo haya yalianza wiki ile duka lilipofungwa. Mumewe alikuwa na duka la vifaa vya umeme pale mtaani tangu mapacha hawajazaliwa, na watu walimwita Jaribu Kwanza, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka dukani mwake bila kujaribiwa. Juu ya kaunta kulikuwa na soketi iliyopigiliwa kwenye ubao. Ukinunua balbu, anaiweka, inawaka, anakutazama usoni kama vile wewe ndiye uliyewaka, ndipo anaifunga kwenye gazeti. Ukinunua pasi, anasubiri ipate moto, anaigusa kwa kidole chenye mate, inalia chwii, mnacheka wote wawili. Feni aliizungusha mpaka mteja akafumba macho. Watu walikuja kununua betri za tochi mchana wakaondoka jioni, wameangalia mpira kwenye televisheni zote za kuuzwa kwa mpigo, na betri wamezisahau.

Sasa pale pana dirisha la kuchukulia mizigo ya mtandaoni. Binti aliyemo ndani anauliza namba, anasukuma boksi, anaita anayefuata. Uso wa mtu hauhitaji, namba inatosha.

Vitu alivyouza Jaribu Kwanza vilimkumbuka. Watu wa mtaa hawakuona ajabu. Vilipita mkononi mwake, vingemsahau vipi? Wao walichotazama ni faida. Giza likiingia na umeme haupo, wanawake walimwita madirishani.

"Baba Mapacha! Hebu rudi upite tena, polepole, watoto hawajamaliza hesabu."

"Kwani mimi jenereta yenu?"

"Jenereta inakunywa mafuta, baba. Wewe tutakupa chai."

Naye hurudi, akapita polepole. Hakuwahi kukataa. Hilo ndilo lililomchoma mkewe.

Maana nyumbani kwake mwenyewe hakikuwaka kitu. Jaribu Kwanza alivuka kizingiti, friji ikabaki kimya, taa ikabaki kioo, feni ikatazama ukuta. Mfinyanzi hulia gaeni, na mke wa mwenye duka la umeme alikula gizani. Miaka yote ya duka aliomba feni. Mume alimtengea moja, ndefu, nzuri, akaifikisha mpaka mlangoni. Mteja akatokea, feni ikageuzwa. Akamtengea nyingine. Mteja akatokea. "Mteja kwanza, mama. Wewe si uko hapahapa?"

Mama Mapacha ni karani wa shule, si mtu wa kubembeleza. Siku moja akatoa simu kwenye mkoba, akaagiza feni. Baadaye akaagiza pasi, akaagiza friji. Maboksi yaliletwa dukani, kwa kuwa hiyo ndiyo anwani aliyoizoea kuiandika, na mumewe akayapokea mbele ya wateja. Wateja wakasoma yaliyoandikwa ubavuni mwa maboksi. Kisha na wao wakaagiza.

"Ungeniletea moja tu, nisingeagiza," alimwambia siku waliposhusha kibao cha duka.

"Ningekuletea kesho," alisema mume, na alikuwa anasema kweli yake.

Lakini tusizunguke mbuyu. Si redio ya kinyozi wala televisheni ya wapangaji iliyomkosesha raha Mama Mapacha. Ni nyumba ya mshonaji.

Mshonaji alikaa ng'ambo ya barabara, anatazamana nao. Kwa wengine vitu viliwaka mume akipita. Kwa mshonaji, pasi ilianza kutoa mvuke mume akiwa bado kwa kinyozi. Cherehani yake ya umeme ilishona yenyewe, mshono mnyoofu. Na taa yake, hiyo ndiyo iliyomuua kabisa, ilichelewa kuzima. Mume ameshavua viatu, ameshakaa, ameshauliza kuna nini cha kula, taa ya mshonaji bado inawaka kule ng'ambo, ya njano, imetulia kama mtu aliyeshiba.

"Ulimuuzia taa gani yule?" aliuliza Mama Mapacha.

"Ya kawaida. Wati sitini."

"Mbona ya mwalimu haichelewi?"

Mume akafikiri, maana swali la balbu alilijibu kwa makini siku zote. "Mwalimu alikuwa na haraka. Hakuniachia nijaribu sana."

"Mshonaji akakuachia."

"Mteja akitulia, na mimi natulia."

Mama Mapacha hakugomba. Jumamosi, mume alipokwenda kumfungia mtu waya, alikumbatia feni yake ya mtandaoni, akavuka barabara.

"Shoga, tubadilishane feni."

Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Hiyo yako si mpya?"

"Mpya."

"Yangu shingo inagonga."

"Naitaka hivyohivyo inavyogonga."

Mshonaji alimtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kwa jicho la kupima nguo. Akaelewa. Akataka kusema neno, akaona heri arudishe pini. "Beba," akasema kwa upande mmoja wa mdomo. "Ila ujue haitulii. Ikimsikia inahangaika."

"Nimekuja kwa ajili hiyo."

Nyumbani aliifuta vumbi panga kwa panga. Akaisimamisha sebuleni kando ya kiti chake, akaoga, akavaa gauni analovaa kwenye harusi za watu, akakaa. Umeme ulikuwapo siku hiyo, lakini feni hakuichomeka.

Redio ya kinyozi ikawaka. Feni ikatetemeka. Ikageuza shingo kuelekea mlangoni, ta-ta-ta, na moyo wa Mama Mapacha ukagonga vilevile. Mume akaingia, upepo ukampiga usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kitu cha nyumba ile kumpokea. Akasimama palepale na viatu vyake, akafumba macho. Mkewe akasubiri ayafumbue.

"Hii ni ya mshonaji," akasema kabla hajayafumbua. "Shingo niliifunga kwa waya wa shaba. Nilimwambia itagonga."

"Sasa ni yetu."

Akafumbua macho. "Na yeye anatumia nini?"

Mama Mapacha alikuwa amejiandalia majibu ya maswali mengi. Hilo halikuwamo.

"Nimempa yangu."

"Ile ya boksi? Mama Mapacha, ile haijajaribiwa!"

"Imekaa humu miaka. Mbona hukuijaribu?"

Mume alikuwa ameshaanza kutafuta bisibisi. "Humu ikiharibika ungemlalamikia nani?" akasema, kwa upole kabisa. "Yule ni mteja."

Akatoka. Kutoka dirishani Mama Mapacha aliona mlango wa ng'ambo ukifunguliwa. Aliona feni yake ikilazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Jaribu Kwanza akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akakaza skrubu, akazungusha panga kwa kidole kimoja huku ameinamisha sikio. Hakuwa na haraka. Akaisimamisha, akaiwasha, akamgeuzia mshonaji. Mshonaji akafumba macho. Halafu feni ile, ambayo kwa Mama Mapacha haikuwahi kumgeukia mtu bila kubonyezwa, ikamwacha mshonaji polepole, ikageuka kumtazama Jaribu Kwanza.

Alirudi amechangamka, akanawa mikono.

"Feni yako nzuri sana," alimwambia mkewe. "Ulichagua vizuri."

"Asante," akasema Mama Mapacha, akampakulia.

Ile inayogonga ilibaki kwao. Ukiichomeka inafanya kazi kama feni nyingine, ila uso wake ni mlangoni, mume awepo au asiwepo. Mama Mapacha aliwahi kuigeuza kwa mikono miwili. Shingo ikarudi, bila hasira. Akaona isiwe taabu, akahamisha kiti. Siku hizi akitoka shule hukaa pale kizingitini, katikati ya njia, na upepo unaomngoja mtu mwingine unampiga vizuri. Mume akifika humwambia, "Samahani mama, nipishe," naye husogeza magoti.