Gari Lililomwona Nyabate

Ijumaa hiyo dalali Ombui alifika Mogogosiek na magari mawili, moja akiliendesha mwenyewe, la pili likiendeshwa na shemeji yake. Aliyaegesha mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Momanyi, kati ya rundo la mabati na matangi ya maji, na wakulima waliokuwa wakingoja chai yao ipimwe wakaacha foleni kuja kutazama. La kwanza lilikuwa la Kijerumani, jeusi, limetulia kama mwalimu mkuu siku ya mtihani. La pili lilikuwa la Kitaliano, rangi ya damu ya mzee, la milango minne lakini la mbio, na pua yake ilikuwa chini kiasi kwamba kuku wa Rodah mwenye hoteli alisimama akatazamana nalo ana kwa ana.

"Boss, kaa nazo mpaka Jumatatu," Ombui akasema. "Zote ziko safi. Ile utapenda, unabaki nayo. Ile ingine narudisha Nairobi."

Momanyi alikuwa amefika umri ambao mwanamume aliyefanya kazi kwa adabu huruhusiwa upuuzi mmoja. Mkewe Chelangat, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, hakuupinga upuuzi wenyewe. Alitaka tu uwe upuuzi wenye spea.

"Baba Bitutu, hii ya Mjerumani hata Obure anaijua," akasema. Obure ndiye fundi wa pale sokoni. "Hiyo ingine ikiharibika utapeleka wapi? Italia?"

"Haitaharibika."

"Kila kitu inaharibika. Hata wewe."

Momanyi akacheka. Alimpenda mkewe wakati wote, lakini zaidi alipokuwa amesema kweli. Na wote wawili walijua kwamba gari hilo, liwe lipi, halikuwa la Momanyi. Lilikuwa la mama yake.

Nyabate alikuwa amefariki miaka kadhaa iliyopita, na kila jioni aliendelea kuja. Alikuwa amechuma majani chai kwenye shamba kubwa la ng'ambo ya bonde tangu usichana wake hadi mgongo ulipokataa, na watoto wake wote aliwazalia pale kwenye kambi ya wachumaji, katika nyumba ya mwisho kabla ya mto. Lakini kwenye shamba lile hazikwi mtu. Mchumaji akifa hupewa lori na blanketi jipya, akarudishwa "kwao". Kwao Nyabate kulikuwa Gusii, kwenye boma la marehemu mumewe, boma alilolijua kwa Krismasi tu. Walimzika upande wa kushoto wa nyumba, kama ipasavyo mwanamke, katikati ya watu wema waliomwita mgeni wa chai. Hakuwalaumu. Ila usingizi hakuupata.

Kwa hiyo alikuwa akiondoka mchana, akipita Sotik na Litein kwa miguu, ndani ya gambuti zake za kazi, akafika kambini giza likianza kuingia, akalala. Alfajiri alirudi kaburini kabla wenyeji hawajasema ametoroka. Njiani alikuwa akipitia kwa Momanyi kunywa chai, na Chelangat alimwekea kikombe chake kando, kile chenye mdomo uliomeguka, kwa sababu ndicho alichokitaka.

Shida ilikuwa magoti. Juma lililopita Nyabate alikiweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, mimi nimechoka. Hii mvua ikiisha sitakuja tena. Nitalala tu huko, nizoee."

Momanyi alikuwa amejaribu kumbeba kwa pikapu ya duka, lakini ile pikapu ya saruji ilimtikisa mifupa, na mifupa ndiyo iliyokuwa imebaki. Siku ya mazishi hakulia, maana alijua angemwona kesho yake. Sasa alianza kulia, kidogo kidogo, kwenye stoo ya misumari, ambako wateja walidhani ni vumbi. Ndipo akampigia Ombui simu na kumwambia anataka gari lenye viti.

Jumamosi jioni walitoka na la Mjerumani. Mwenye macho haambiwi tazama: lilikuwa gari bora. Lilipita juu ya mashimo ya Konoin bila kuyataja. Walimkuta Nyabate njiapanda ya Litein, ameketi juu ya jiwe, wakamweka mbele, naye Chelangat akahamia nyuma. Nyabate aliusifu ulaini wa kiti. Akauvuta mkanda, akaufunga mwenyewe, akatabasamu.

Kwenye dashibodi kulikuwa na picha ndogo ya viti vyote, na kila kiti chenye mtu kiliwaka taa. Kiti cha Momanyi kiliwaka. Cha Chelangat kiliwaka. Cha Nyabate kilibaki kijivu. Wakasimama petroli stesheni kujaza upepo, Momanyi na mkewe wakashuka, na gari, baada ya kuhakikisha kwamba limebaki tupu, likazima taa zake, likafunga milango yote na kukunja vioo vya pembeni. Nyabate akabaki gizani, mikono juu ya mapaja. Hakugonga kioo. Hakuwa mtu wa kugonga.

Walipomfungulia alisema, "Hii gari ni nzuri. Lakini haijui niko."

"Ni gari tu, mama," Chelangat akasema.

"Hata ile shamba ilikuwa shamba tu." Akashuka polepole, akaangalia gambuti zake. "Nimekaa miaka mingi mahali hawajui niko. Sasa nibebwe na kitu kama hiyo tena? Wacha nitembee."

Akatembea. Momanyi alimfuata nyuma kwa gari, taa zikiwa chini, mpaka geti la shamba. Pale kulikuwa na kizuizi cha chuma na askari aitwaye Aron, kijana mpole aliyepewa amri ya kuhesabu kila mtu anayeingia. Aron alimwamkia Nyabate vizuri kila jioni. Kizuizi hakukiinua, kwa kuwa amri ilihusu watu. Nyabate aliinama, akapita chini yake, na usiku ule kuinuka kulimchukua muda mrefu.

Jumapili asubuhi palikuwa na baridi ya kukata masikio. Momanyi alikaa ndani ya la Mwitaliano akiwa amevaa suti ya kanisa, akabonyeza kitufe, na gari halikuwaka. Akabonyeza tena. Obure aliitwa, akafungua boneti, akatazama kwa muda, akaifunga kwa heshima.

"Mimi hata sijui inaanzia wapi," akasema.

"Si nilisema?" Chelangat alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. "Kipya kinyemi." Kisha akaona uso wa mumewe, akaiweka ndoo chini.

Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa wanawake huketi naye na kumwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyemkubali. Chelangat alikuwa ameshawaitia watoto wa dada zake wote, na hakuona sababu ya kuanza utaratibu mwingine kwa ajili ya gari. Alipangusa mikono kwenye leso, akaweka kiganja juu ya boneti iliyojaa umande, akamwambia Momanyi abonyeze.

Kwa adabu alianza na upande wake, bibi zake na shangazi zake. Kimya. Akaja upande wa mumewe.

"Onyiego," akasema.

Kimya.

"Nyaberi."

Kimya.

"Nyabate."

Gari likapiga chafya. Likapiga ya pili, kubwa zaidi, kwa nyuma, likamrushia Obure umande wa suruali nzima, kisha likawaka na kuanza kunguruma kwa sauti nzito iliyosikika mpaka kiwandani. Chelangat akapiga vigelegele, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, hata na mtu aliyekuwa upande wa Mjerumani.

"Imekubali jina," akamwambia mumewe. "Sasa ni mtoto wetu. Hizo spea tutatafuta."

Jioni ile walifika Litein mapema. Nyabate alikuwa juu ya jiwe lake, gambuti moja ameivua, anakanda mguu. Alilitazama gari bila hamu. Akaingia kwa sababu Chelangat alimshika mkono, naye hakuwahi kumkatalia mkwe wake huyo kitu. Akaketi. Mlango ukafungwa.

Ting, likasema gari. Ting. Ting. Ting.

"Nini hiyo?" Nyabate akauliza.

"Inataka ufunge mkanda, mama," Momanyi akasema.

"Mimi?"

"Wewe."

Kwenye dashibodi kiti chake kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Momanyi akanyoosha mkono amsaidie mkanda, naye Nyabate akausukuma mkono huo kando.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wacha ilie kidogo."

Wakaenda hivyo, kengele ikilia, wakipita maduka, wakipita kanisa, wakipita wanawake wenye vikapu mgongoni. Nyabate aliegemeza kichwa upande kama anayesikiliza redio wakati wa matangazo ya vifo, akingoja kusikia jina la mtu anayemjua. Machozi yalimtoka, naye Chelangat huko nyuma akalia pia, na Momanyi alijua kwamba hata gari hilo likimfilisi hatalirudisha. Walipokaribia bonde Nyabate akaufunga mkanda. Kengele ikanyamaza.

"Hii," akasema, "imelelewa vizuri."

Jumatatu Ombui alikuja, akaondoka na la Mjerumani. Momanyi, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umepata nguvu, alivaa tena ile suti ya kanisa, akaenda ofisi ya shamba kumwona meneja. Aliomba kipande kidogo cha ardhi, kinachotosha mtu mmoja mwembamba, pale ilipokuwa nyumba ya mwisho kabla ya mto. Alitaka kumhamishia mama yake hapo, apumzike na safari.

Meneja alimpokea kwa ukarimu, akaagiza chai. Dirishani nyuma yake chai ilianzia ukutani ikaenda hadi mbingu ilipokomea. Meneja alisema anamhurumia sana, lakini shamba halina nafasi. Akaeleza pia kwamba zile nyumba zilibomolewa zilipoletwa mashine za kuchuma, na kwamba kwa kadiri anavyofahamu, pale karibu na mto pamekuwa chai siku zote. Momanyi alikuwa amezaliwa pale. Akamaliza chai yake, akashukuru. Meneja akamsindikiza nje, akalizunguka gari, akasema amechagua vizuri.

Tangu hapo wana utaratibu wao. Mchana Momanyi hufunga duka mapema na kwenda Litein, na siku nyingine hufika mpaka Sotik, maana magoti ni magoti. Wakikaribia geti la shamba Nyabate hufungua mkanda makusudi, na kengele huanza kulia.

"Mko wangapi, mzee?" Aron huuliza, akiwa ameinama dirishani.

Ting, gari hujibu. Ting. Ting.

"Wawili," Aron husema, na huinua kizuizi mpaka juu kabisa. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alivua na kofia.

Njia ya ndani ni nyembamba, na chai hupapasa milango pande zote mbili. Mahali pa nyumba ya mwisho Momanyi husimama. Nyabate hushuka, hukung'uta tope la gambuti kwenye ngazi, huinamisha kichwa kwa ajili ya mlango mfupi, kisha huingia. Baada ya muda harufu ya moshi wa kuni husikika, na sauti ya sufuria. Momanyi hukaa kidogo na kioo kikiwa chini, kisha hugeuza gari kwa shida, maana gari lile halikuumbwa kugeuzwa ndani ya majani chai.

Alfajiri humrudia, akamchukua, akampeleka Gusii akasinzie mchana. Na jua likishatoka mashine huja kwa zamu yake, hupita juu ya kizingiti, na huchuma mlango, jiko na kitanda kwa kimo kimoja.