Mkanda wa Kijani wa Kocha

Bao liliingia, banda zima likaruka, na mbwa hakubweka.

Mgeni angeona ni jambo dogo. Lakini wanaotazama mpira kwa Shadia, kule Bangwe kando ya ziwa, walinyamaza kabla ya kumaliza kushangilia. Kocha, mbwa wa Gasper fundi wa injini za boti, alikuwa Yanga kuliko wengi wenye kadi. Yanga wakifunga, alibweka mara mbili kutoka chini ya benchi la tatu, na mashabiki wa Simba walimtukana kama wanavyomtukana mtu mzima. Hakuwahi kukosa. Siku ile Gasper akainama kumtazama. Mbwa alikuwa ameipa televisheni mgongo, macho yake kwenye kona ya mabati, mahali pasipo na kitu. Kisha akang'ata hewa. Akatulia, akang'ata tena, polepole, kama aliyepewa kitu na mkono usioonekana.

"Anaona nini huyo?" Shadia aliuliza.

"Anaona ubingwa wetu," alijibu Meshack, jirani yake Gasper na Simba wa kufa na kuzikana. Watu wakacheka. Hata mzee Selestini, mlinzi wa nyavu za wavuvi, asiye na timu, anayekuja pale kwa ajili ya makelele tu, alicheka mpaka akakohoa. Gasper naye alicheka, ila akautoa mguu wake karibu na mbwa bila kujua kwa nini.

Jioni hiyohiyo taya la Kocha lilikuwa limelegea na mate yanamtoka. Sasa, katika mji wetu, mbwa akikohoa na kutoa mate, ugonjwa wake ni mmoja tu: mwiba wa samaki umemkaa kooni. Hakuna anayefikiri mara mbili. Mbwa wetu wanakula vichwa vya migebuka tangu wanafumbua macho, na kila baba amewahi kumtoa mbwa wake mwiba. Gasper akaingiza vidole, lakini mkono wake ni wa kufungulia nati, haukupita. Akamwita binti yake Recho, wa darasa la tatu.

"Mkono wako mwembamba. Ingiza, utafute mwiba. Mimi nitamshika."

Recho akaingiza. Alitafuta, akatafuta, akasema hakuna mwiba, baba, pako laini tu na pana moto. Hapo Kocha akayabana meno. Hakubana kwa hasira. Alibana kama mtu aliyeshtuka usingizini, akaachia. Vidole viwili vya mtoto vikachanika.

Mama yake, Jovita, si mwanamke wa kupaka majivu na kusubiri. Alimsafisha mtoto kwa sabuni, akamburuta yeye na baba yake mpaka zahanati. Muuguzi aliyekuwapo ni Sia, aliyepangiwa kazi huku akitokea Moshi, mwenye sifa ya ukali ambayo wagonjwa wameizidisha chumvi.

"Shikamoo," Recho alisema huku analia.

"Marahaba, mama. Pole. Mbwa ni wenu? Amechanjwa?"

"Amechanjwa!" Jovita alisema kwa fahari. "Ana mkanda wa kijani shingoni, mtaa mzima unaujua."

Sia akamgeukia Gasper. "Ni kweli, baba?"

Hapo inabidi nimseme mimi, maana mwenyewe alikuwa ameufunga mdomo. Miezi miwili nyuma walikuja wachanja mbwa kwenye uwanja wa shule. Chanjo ilikuwa bure, na kila mbwa aliyechomwa sindano alivishwa mkanda ili ajulikane. Asubuhi mikanda ilikuwa ya kijani. Ilipofika zamu ya watu wa nyuma, ya kijani ikaisha, wakafungua boksi la mikanda myekundu. Gasper alikuwa amebakiza watu saba mbele yake. Mbwa wa Yanga avae nyekundu ya Simba? Apite nayo mbele ya Meshack? "Bora afe," alisema kwa sauti, foleni nzima ikaangua kicheko, naye akatoka na mbwa wake kifua mbele kama amefunga penalti.

Jioni akamkuta Meshack amenuna, kwa sababu mbwa wake yeye, mbwa wa Simba, alikuwa amevishwa kijani. Gasper akamwambia: wangu amechomwa, ila wamempa nyekundu nikaitupa, nipe hiyo yako. Meshack akaivua kwa furaha. Basi Kocha akavishwa alama ya sindano ambayo hakuchomwa. Gasper alikusudia kumpeleka kesho yake. Kesho yake wachanjaji walikuwa wamehamia kijiji cha Simbo, na Simbo si mbali, pikipiki inafika mara moja, lakini kulikuwa na injini ya mtu, kisha kulikuwa na mechi. Ushabiki ni kilema kama vilema vingine, tofauti ni kwamba mwenye nacho hukipeperushia bendera.

"Ni kweli," Gasper alimjibu muuguzi.

Sia akakiosha kidonda upya kwa muda mrefu, akaandika. Akasema kama mbwa kachanjwa wamfunge, wamwangalie, na akibadilika hata kidogo waje mbio. Gasper akasema hajabadilika, ni mwiba tu.

Alimfunga Kocha kwenye nguzo ya kibanda chake cha kazi, hatua chache kutoka majini. Siku ya kwanza mbwa alikaa ameligeuzia ziwa mgongo. Mbwa aliyezaliwa mchangani, aliyekuwa akiogelea mpaka kwenye boti kumlaki bwana wake, sasa wimbi dogo likigonga mchanga anatetemeka ngozi nzima. Siku ya pili sauti yake iliondoka, ikaja nyingine. Haikuwa kubweka wala kulia. Ilianza chini kama mlango mzito, ikapanda, ikakatika kabla ya mwisho. Wanawake waliokuwa wakianua dagaa walikusanya vyombo vyao mchana kweupe wakahama upande wa pili bila kuambizana. Mbwa wengine wa ufukweni hawakukaribia hata kwa vichwa vya samaki vilivyotupwa hapo.

Gasper alishinda naye, spana mkononi, hafungui chochote. Kila mara Kocha alimtazama, na macho yalikuwa yaleyale ya siku zote, ya upole, ila aliyekuwa akitazama kupitia macho hayo hakuwa Kocha. Gasper aliogopa. Aliogopa mbwa, akaogopa zaidi vidole viwili vya Recho vilivyofungwa bandeji nyeupe, vikimpungia kila aendapo shule. Na bado, wallahi, alichokifikiria kwanza ni Meshack. Jinsi atakavyomcheka mbele ya banda zima. Jinsi wimbo utakavyotungwa.

Asubuhi ya tatu mbwa alikuwa amekufa, ameegemea nguzo.

Hapo Gasper alikimbia. Alimtoa Recho darasani, akampakia kwenye pikipiki, na mbele ya Sia akasema yote kwa sauti ya kunong'ona, mkanda, nyekundu, kijani, Simbo. Alitegemea atatukanwa. Sia hakumtukana, alifungua jokofu.

"Bado tuna muda," alisema. "Hiki ni kichaa cha mbwa, kwa unavyonieleza. Chanjo ikitangulia, mtoto atapona. Nawe mikono yako imejaa michubuko, leta bega." Aliwachoma wote wawili, akaandika tarehe za kurudi, akampa namba yake ya simu. Kisha akauliza, kalamu ikiwa juu: "Nani mwingine amegusana na huyo mbwa? Kung'atwa, kukwaruzwa, kulambwa penye kidonda?"

Gasper aliona banda. Aliona mikono yote iliyokuwa ikimkuna Kocha masikio wakati wa mapumziko. Kuwauliza ni kuwaambia.

"Hakuna," alisema.

Jovita aliambiwa kwamba muuguzi ameamua kuchukua tahadhari. Mtaa uliambiwa ni mwiba. Watu wakampa pole, Meshack akaja na chupa ya soda, akasema utani una mipaka, mbwa alikuwa mbwa. Gasper alishindwa kumtazama usoni.

Wiki zikaenda. Recho alichomwa sindano zake zote, akawa anaruka kamba, na Gasper alimshukuru Mungu kwa moyo wake wote, kweli kabisa. Lakini banda la Shadia halikurudi kama lilivyokuwa. Chini ya benchi la tatu hakuna aliyeweka mguu, hata kukijaa namna gani. Na Yanga wakifunga, kulikuwa na kitambo kidogo, pumzi moja, kabla watu hawajapiga kelele. Walikuwa wanasubiri kubweka. Wenyewe hawakujua kuwa wanasubiri. Gasper alijua, na ndani ya pumzi ile alikuwa akisikia swali la Sia likiulizwa upya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na yeye alikuwa akijaribu kuwahi kushangilia kabla ya wote, ili pumzi ile isiwepo.

Jumamosi moja, wiki ya sita, mzee Selestini alikuja akakaa pembeni yake. Mechi ilikuwa ya mchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi." Mzee alikuwa akijikuna kiganja cha kushoto, taratibu, bila kuangalia. Alijikuna dakika kumi. Alijikuna dakika ishirini. Ngozi ilikuwa imeanza kutoka damu naye macho yako kwenye mpira.

"Umeng'atwa na mdudu, mzee?"

"Hapa? Hapana. Hapa palishapona zamani. Tangu juzi panawaka tu, kama kuna pilipili ndani." Akamwonyesha kovu, vitundu viwili vilivyofunga vizuri. "Si rafiki yangu Kocha, Mungu amrehemu. Nilikuwa namtupia kichwa cha samaki, akashika kichwa na mkono pamoja. Ningekwenda hospitali, lakini nikaona mkanda. Nikajisemea, huyu ana sindano yake, wasiwasi wa nini? Nikanawa ziwani, nikasahau."

Gasper alisimama. Wa nyuma wakapiga kelele, kaa chini, unatuziba. Akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje kwenye jua, akampigia Sia. Alimweleza kovu na pilipili.

"Chanjo inatakiwa iwahi," Sia alisema. "Kovu likishaanza kuwaka, ugonjwa umeshapanda, hakuna dawa ya kuurudisha. Mlete, Baba Recho. Tutamlaza, tutampunguzia mateso. Na hao wengine uliosema hawapo, nawataka wote leo, kabla nao hawajaanza kujikuna."

Akarudi ndani, akaenda moja kwa moja akazima televisheni. Matusi yaliyomwangukia hapo siwezi kuyaandika. Aliyasubiri yaishe.

"Kocha hakuchanjwa," alisema. "Mkanda ule ulikuwa wa mbwa wa Meshack. Niliikimbia sindano kwa sababu ya rangi. Amekufa kwa kichaa cha mbwa. Nilijua. Mwanangu amechomwa sindano, na mimi nimechomwa, nikawanyamazia ninyi. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, aliyelambwa penye kidonda, anyooshe mkono. Nawaombeni."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa jadi, halafu kicheko chake kikabaki peke yake. Shadia akanyoosha mkono, akiwa bado ameshika kapu la karanga. Akanyoosha mwendesha bodaboda mmoja mlangoni. Meshack alitazama vidole vyake, akavihesabu kama anakumbuka kila kimoja kilikuwa wapi, akanyoosha. Gasper angependa sana amtukane.

Wakatoka. Pikipiki zikawashwa. Selestini ndiye aliyebaki kwenye benchi, amechangamka, maana hakuna aliyewahi kumwendesha mahali popote kwa ajili ya afya yake.

"Na mimi nachomwa, sivyo?"

"Twende, mzee."

"Itauma?"

"Nitakuwa nawe. Nitakaa nawe mpaka..." Gasper akatoa ufunguo wa pikipiki. "Nitakaa nawe."

Alimshika mkono wa kulia, akampandisha kwenye pikipiki, akamfunga koti lake mabegani kwa sababu mzee alilalamika upepo wa ziwa unamkata ngozi, ingawa siku ile hapakuwa na upepo. Uongo wote alikuwa ameumaliza mbele ya banda zima, ndivyo alivyodhani, na kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu mbwa aipe televisheni mgongo. Selestini akamwinamia begani.

"Fundi, kipindi cha pili tutakiwahi?"

"Tutakiwahi, mzee," alisema Gasper, akawasha pikipiki.